Nyigu kwenye mipera: anza na matunda yaliyoanguka

Pole sana dada. Nyigu kujaa kwenye mipera huku watoto wakichezea hapohapo chini si jambo la kupuuza. Kinachowaita zaidi ni utamu wa mapera yaliyopasuka na yanayooza chini, basi yaokote kila asubuhi na mapema na uyafukie. Yanayokaribia kuiva yachume, au yafunge kwa mifuko ya karatasi yakiwa bado mabichi. Mifuko hiyo huzuia pia nzi wa matunda.

Kiota tazama kiko wapi. Kikiwa juu mbali na njia, mimi ningekiacha: nyigu huwinda viwavi wanaokula majani ya mboga zako. Kikiwa mlangoni au njia ya watoto, tafuta fundi wa kuua wadudu, aje usiku wakiwa wametulia. Tafadhali usimwage petroli wala kuwasha moto. Nyumba zinaungua hivyo. Na usikipige mawe, maana nyigu mmoja huuma mara nyingi, haachi mwiba kama nyuki.

Aliyeumwa akivimba midomo, akihema kwa shida au akizimia, mkimbize hospitali papo hapo. Vivyo hivyo akiumwa mdomoni au kooni.