Njia ya shambani si ya mwizi

Dada, umesema umehamia kijiji kimoja cha eneo la Cotswolds, Uingereza, kutunza wazee, na unaogopa kukatiza mashamba usije ukaitwa mwizi. Hata mimi nilizunguka barabarani miezi mizima! Tazama nguzo ya geti: mshale wa njano ni njia ya umma ya waenda kwa miguu, hata ikipita katikati ya ngano. Wa buluu, farasi na baiskeli nao wanapita. Geti liache ulivyolikuta.

Cha kuogopa ni ng'ombe wenye ndama. Wazungukie mbali, ukiwa na mbwa na wakakufuata, achia kamba ya mbwa. Desemba giza huingia saa kumi jioni, na mabondeni mtandao hupotea, kwa hiyo beba tochi. Ukiumia, piga 999, namba ya dharura.