Je, ni dhambi kumlea bundi nyumbani?

SWALI: Mama mmoja wa kijiji kimoja cha wilaya ya Kondoa, Tanzania, anaeleza kwamba mwanawe yatima aliokota kinda la bundi paa la ghala lilipobomolewa, akalilea mpaka likaota manyoya. Baadaye mtoto wa jirani alifariki kwa homa, na majirani wakadai kuwa ndege huyo ndiye aliyeleta kifo. Mwalimu mmoja wa madrasa amesema auawe, kwa kuwa ni katika viumbe waovu walioamriwa kuuawa. Je, amuue? Na je, alikosea kumruhusu mwanawe kumfuga?

JIBU: Mama yetu, Allah amrehemu mumeo na akukuzie mwanao. Ndege huyo asiuawe, wala hukutenda dhambi kumwacha yatima aokoe kiumbe kilichoanguka.

Kilichonisikitisha zaidi ni hoja iliyotolewa kwa jina la dini. Hadithi ya Bibi Aisha, iliyomo katika Bukhari na Muslim, imewataja watano wanaouawa hata ndani ya Haram, yaani eneo takatifu la Makka: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kuuma. Bundi hayumo. Anayetaka kumwingiza kwa kiyasi, yaani kwa kumfananisha na waliotajwa, aonyeshe kwanza madhara yanayomlinganisha na hao, nami siyaoni, kwani bundi hali uwele wala mtama, na windo lake kubwa la usiku ni panya, aliyetajwa katika hadithi hiyohiyo. Kumuua mwenye kutupunguzia panya kwa hadithi inayoamuru panya auawe ni kuisoma dini miguu juu, kichwa chini.

Kinachosema hapo ni hofu iliyoutangulia Uislamu. Waarabu wa zama za ujahilia nao walidai kwamba bundi akitua juu ya nyumba anatangaza kifo cha mmoja wa wenyeji wake, na kwa mujibu wa mojawapo ya tafsiri mashuhuri za wanazuoni, hiyo ndiyo imani aliyoikanusha Mtume (s.a.w.) aliposema kuwa hakuna mkosi wa ndege wala hama, yaani bundi. Mwalimu anayeirudisha imani hiyo akiwa amevaa kilemba anawafundisha watoto shirki kabla hawajahitimu Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qurani.

Ama kufuga, wapo wanaoishika aya ya 4 ya Surat al-Maida, iliyohalalisha windo la wanyama waliofunzwa, wakasema basi kila ndege wa kucha anafaa kuwa pambo la nyumba. Sikubaliani nao. Aya inamzungumzia anayefunzwa na kuachiwa akawinde, na tunajua adhabu ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Bundi hatoshelezwi na vipande vya nyama tupu. Humeza panya mzima, na mifupa ya windo ndiyo inayojenga mifupa yake. Anayemfunga kamba sebuleni ili wageni wapige naye picha hana hoja katika aya hiyo.

Mwanao, kwa hiyo, ametenda jema, lakini kuendelea kumweka kunahitaji sababu ambayo hamna, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kujiwekea mnyamapori bila kibali. Hata hivyo, msimfungulie tu mlango usiku wa leo, maana ndege aliyelelewa kwa mkono hajui kuwinda wala hamwogopi mtu, na kwa hali ya kijiji chenu atapigwa mawe kabla ya alfajiri. Mpeni taarifa afisa wanyamapori wa wilaya, na mwanao amkabidhi mwenyewe, aeleze alivyomlisha. Hadi hapo mpeni panya walionaswa kwa mtego, si waliokula sumu, kwani sumu hiyo itamuua naye.

Jirani yako usimwendee na hadithi hizi. Mpelekee chakula, ukae naye, na akikulaumu unyamaze, kwani aliyezika mtoto hutafuta mahali pa kuuweka uchungu wake. Kuhusu mwalimu wa madrasa, nipe ruhusa nimwandikie imamu wenu azungumze naye faragha, jambo hili lisifike kwenye mimbari. Wallahu aalam.