Oia si ya wapenzi peke yao: nilikwenda mwenyewe, nawe nenda

Juma lililopita msomaji mmoja wa Malindi aliniandikia: "Dada, mwezi wa tano natimiza miaka 35. Natamani kwenda kile kijiji cheupe cha Ugiriki chenye makuba ya buluu. Shoga zangu wananicheka, wanasema kule huenda wenye waume. Niende ama nisubiri?"

Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, na kila nikiusoma kifua kinabana, maana maneno hayo hayo nimeambiwa mimi. Kijiji chenyewe kinaitwa Oia, wenyewe hutamka Ia, nacho kimekalia ukingo wa jabali kaskazini mwa kisiwa cha Santorini. Oktoba 2025 nililala huko siku tatu, peke yangu. Kwa hivyo nitamjibu kwa urefu, na wengine mnaoiota safari hii mkae msome.

Tulikuwa wanne. Tangu 2023 tulikuwa tukichanga kila mwisho wa mwezi, tukasherehekee miaka arobaini pamoja, maana sote ni rika moja na tumesoma darasa moja. Februari 2025 ardhi chini ya bahari kati ya Santorini na kisiwa jirani cha Amorgos ikaanza kutetemeka, siku baada ya siku. Shule zikafungwa, na watu zaidi ya 11,000 wakakihama kisiwa kwa meli na kwa ndege. Wawili wetu wakajitoa papo hapo. Siwalaumu, wana watoto wadogo. Wa tatu ndiye aliyenivunja. Alingoja mpaka zimebaki wiki tatu, visa zimetoka, amana ya chumba cha wawili nimelipa mimi, ndipo akanitumia ujumbe wa sauti wa nusu dakika: mume hataki. Amana ile sijaiona hadi leo, na tukikutana harusini ananisalimia kana kwamba hapakutokea kitu.

Nililia siku mbili. Ya tatu mama akaingia chumbani, akakaa kitandani, akaniuliza, "Kwani wao ndio wangekubeba?" Nikaondoka.

Mambo ya visa siyarefushi. Ada ya visa ya Schengen, ile ya kuingilia Ugiriki na nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 tangu Juni 2024 na hairudishwi ukinyimwa, bima ya safari lazima ifike yuro 30,000, na mwanamke anayesafiri peke yake aandae barua ya kazi na taarifa za benki zisizoleta maswali. Ndege na mji wa Athens pia naviruka. Kutoka bandari ya Piraeus panda feri ya polepole, ile ya asubuhi. Utakaa baharini muda wa saa nane hivi, lakini unaruhusiwa kusimama nje kwenye sitaha, na hapo ndipo utakapoelewa unakokwenda. Santorini ukiifikia kwa bahari ni ukuta, tabaka jekundu, jeusi, la kijivu, na juu kabisa weupe mwembamba kama chumvi iliyomwagika. Meli inapita ndani ya volkano yenyewe. Miaka 3,600 hivi iliyopita mlima ule ulilipuka, katikati pakadidimia, bahari ikaingia. Nilishika chuma cha sitaha kwa mikono miwili nikasema Subhanallah, na hapakuwa na mtu wa kunishika mkono, na haikunipunguzia chochote.

Jioni ya kwanza ndiyo iliyonitesa. Nilifanya kama kila mtu, nikaenda kwenye magofu ya ngome kutazama jua likitua. Jua lilikuwa litue karibu saa moja, na saa kumi na moja tayari hapakuwa na pa kuweka mguu. Wasichana waliovaa magauni ya kukodi yenye mikia mirefu, wanaume waliopiga goti na pete, na mimi katikati nikisukumwa na mikoba ya watu. Jua lilipozama wote wakapiga makofi. Nami nikapiga, machozi yakinitoka.

Kisha nikaingia mkahawani. Mhudumu alitazama nyuma yangu kuona nani anafuata, akauliza, "Mmoja tu?" Meza nne za ukingoni zilikuwa tupu. Akanikalisha kando ya mlango wa jikoni. Nikala upesi kama mwizi, nikalipa, nikatoka. Usiku ule nilimchukia yule rafiki yangu kwa chuki ambayo sikujua ninayo.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: omba meza unayoitaka, na usiombe radhi kwa kuwa mmoja. Jioni ya pili, kwingine, nilisema kabla sijaulizwa, "Nataka ile ya pembeni, inayotazama bahari." Nikapewa, kirahisi kabisa. Watu watakukalisha pale unapojikalisha mwenyewe.

Ushauri wa pili ndio mkubwa: lala pale pale, na uamke mapema. Vyumba vinavyotazama kaldera, yaani ule mdomo wa volkano uliojaa bahari, ni ghali mno. Mimi nilikihama kile cha wawili nikaenda Finikia, kijiji kidogo nyuma ya Oia, mwendo wa robo saa kwa miguu, nikalipa yuro 70 kwa usiku. Mchana Oia ni ya watu wa meli za kitalii. Tangu 2025 kisiwa kimeweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli hizo kwa siku, na 8,000 bado ni umati. Lakini alfajiri wako baharini au wamelala. Amka mapema, narudia.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye njia kuu ya marumaru, nimejitanda leso yangu. Hapakuwa na mtu. Paka wawili, na upepo. Nilipokata kona ya tatu nikamkuta mzee mmoja na ndoo ya chokaa. Brashi ameifunga kwenye mti mrefu, anaichovya, anaigonga mara mbili ukingoni mwa ndoo, kisha anaivuta ukutani kwa pumzi moja. Akimaliza ukuta anainama na brashi ndogo, anazungushia weupe kila jiwe la njia, moja moja. Ile harufu ya chokaa mbichi ilinirudisha Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ya bibi yangu, siku za kuelekea Idi. Mzee akasema "Kaliméra," yaani habari za asubuhi, akanionyesha kwa kidole palipo pabichi nisikanyage. Nikasimama kumtazama kama nusu saa. Jua likachomoza nyuma yetu, jabali upande wa pili wa maji likageuka waridi, na hakuna aliyepiga makofi.

Mama mwenye nyumba wa Finikia ndiye aliyenifunulia kijiji. Vyumba vile vya mamia ya yuro vilikuwa mapango ya mabaharia, waliyoyachimba kwenye jivu la volkano lililogandamana kwa sababu kisiwa hakina mbao za kujengea. Manahodha ndio waliojenga majumba ya kusimama. Jivu hilo hilo lilisafirishwa kujengea Mfereji wa Suez, na kwetu watu wa Kilindini mfereji ule si hadithi ya mbali. Kisha tarehe 9 Julai 1956 tetemeko likaiangusha Oia, na wengi wakahama. Alinionyesha kuta zilizobaki bila paa, akaniuliza leso yangu imeandikwa nini. Nikamfasiria: mdhaniaye ndiye kumbe siye. Alicheka, kisha akanitazama vizuri, akanyamaza, akanimiminia kahawa nyingine.

Ningekwenda na wale watatu nisingekunywa kahawa ile. Tungekuwa tunapigana picha. Nasema hivi kwa uchungu na kwa fahari pamoja, maana dada zangu tunazeeka tukingojana. Mmoja hana ruhusa, mwingine hana nauli, wa tatu ana nauli na ruhusa lakini hana nia, na sote tunakaa barazani mwaka baada ya mwaka. Kungoja mume ili uione bahari ya watu ni kumtwika mume asiyekuwapo mzigo usiomhusu. Mungu amekupa mshahara na macho. Nenda.

Siku ya mwisho niliteremka ngazi zaidi ya 200 hadi ghuba ya Ammoudi, ambako pweza huanikwa kwenye kamba juani kabla ya kuchomwa. Katikati ya ngazi punda walikuja wakipanda, msururu mzima, na mwenyewe akipiga ukelele nisiouelewa, ila nilijua ni simile. Nikabana ukutani kama tunavyobana vichochoroni kwetu na Lamu. Mimi sikuwapanda. Sheria ya Ugiriki ya 2018 inakataza punda kubebeshwa zaidi ya kilo 100 au sehemu ya tano ya uzito wake, na bado ngazi zile ni nyingi kwa mnyama. Vaa viatu vya soli ya mpira. Mawe yamelainishwa na miguu na kwato, nami niliteleza mara mbili.

Dada wa Malindi, Mei ni mwezi mzuri. Upepo mkali wa meltemi huwa haujaanza, maana ni wa Julai na Agosti. Angalia ratiba za meli za kitalii kabla ya kuchagua siku, na ukate tiketi ya mtu mmoja. Nimekutumia kwa faragha namba ya mama wa Finikia. Mwambie umetumwa na yule wa leso.