Migahawa ya kishua: nimekula, nimebeba na sahani, nasema ninachokijua

Mleta mada kauliza swali ambalo wengi wanaona aibu kuliuliza. Kajichanga miezi kadhaa anataka ampeleke mke wake mgahawa wa kishua, ule wa vitambaa vyeupe na glasi nne mbele ya kila mtu, sasa anaogopa isije ikawa mbwembwe tupu, kwamba watu wanasifia kwa sababu wameshalipa na hawataki waonekane wamepigwa. Naona waliotangulia wamegawanyika, nusu wanasema utatoka na njaa, nusu wanasema utasahau hata jina lako. Mimi sehemu hizo nimekula mara sita kama sijasahau, na katikati hapo nimebeba sahani kwenye mojawapo miezi minane, kwa hiyo ninalo la kusema na litakuwa refu, mniwie radhi.

Mara ya kwanza nilichemka. Ilikuwa anivesari yetu, nikabuku meza wiki tatu kabla, na siku yenyewe kosa nikaanza kulifanya asubuhi: sikula. Nikajiambia hela yote ile halafu nijaze tumbo nyumbani, si ujinga huo. Tumefika usiku tumbo linanguruma, tukakaribishwa vizuri, viti vikavutwa, menyu ikaletwa. Sahani ya kwanza ikaja, sahani yenyewe kubwa kama sinia halafu chakula kiko katikati pale kidogo kama kimedondoka kwa bahati mbaya. Mke wangu akanifinya chini ya meza. Nikamwambia tulia, hiyo ni ya kuonjesha, mzigo wenyewe unakuja. Haukuja. Zikaja nyingine saba za saizi ile ile.

Kilichotumaliza zaidi ni vitu vidogo. Kuna muda mhudumu alikuja na kidude cha chuma, kirefu kama kalamu, kimepinda kidogo, akainama bila kusema neno akaanza kukwangua makombo ya mkate upande wa mke wangu, taratibu kabisa, anayasogezea kwenye kisahani, na mke wangu akaganda mikono iko hewani kama mtoto aliyekutwa kamwaga maziwa. Alidhani anasemwa kwamba anakula ovyo. Mimi nikaenda msalani, kurudi nakuta kitambaa changu nilichokitupa kwenye kiti kimekunjwa vizuri pembe kwa pembe, nikaanza kujiuliza nani kakaa hapa. Usiku mzima ukawa hivyo, tunaogopa uma, tunaogopa glasi, tunanong'ona kama tuko msibani. Bili ilipokuja sikuisoma, niliweka kadi juu yake nikaangalia pembeni. Tukafika nyumbani saa sita tukapasha kiporo cha mchana, tukakila kwenye sufuria tumesimama, na nawaambia ukweli ndiyo sehemu pekee ya usiku ule tuliyocheka.

Sasa ukiniuliza chakula chenyewe kilikuwaje, sikumbuki hata kimoja. Sikuwa nakula, nilikuwa napiga hesabu, kila tonge nalipimia bei yake. Na wenye biashara wanajua kwamba hesabu inaua hamu, ndiyo maana menyu nyingi za huko bei inaandikwa namba tupu bila alama ya hela. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani walilijaribu hilo kwenye mgahawa wenye wateja wa kweli, wakatoa matokeo 2009, waliopewa menyu ya namba tupu walitumia zaidi kuliko walioonyeshwa alama ya dola. Kwa kichwa changu mimi hata wangeandika kwa maandishi ya vipofu ningepiga hesabu tu.

Miaka miwili baadaye kazi yangu ikayeyuka, jamaa mmoja akaniunganishia kibarua cha jioni kwenye mgahawa wa daraja hilo hilo. Siutaji. Hapo ndipo nilipofumbuka macho.

Jikoni kule ni jeshi, na siyo msemo tu, yule Mfaransa Escoffier aliyeupanga mfumo wao alikuwa amewahi kupikia jeshi kwenye vita vya 1870, akaja akagawa jiko vikosi vikosi, huyu sosi, huyu samaki, huyu nyama, huyu vitamu, na kila amri inajibiwa kwa sauti. Kuna sosi moja pale nilikuwa naiona ikizaliwa. Mifupa inaokwa mpaka inakuwa kahawia, inaingia kwenye sufuria ambalo ungeweza kumuogeshea mtoto, inachemka kwa moto mdogo tangu asubuhi, inachujwa, inarudishwa motoni, inapunguzwa tena, kesho yake jioni kinachobaki hakijazi hata majagi mawili. Mgeni anawekewa vijiko viwili. Anamgeukia mwenzake anasema mbona kidogo. Na mimi niliyekuwa nimesema hivyo hivyo miaka miwili nyuma nimesimama pembeni na trei nimeinamisha kichwa.

Kabla sahani haijatoka inapita dirishani kwa shefu, yaani mpishi mkuu, ana kitambaa kibichi mkononi, anafuta ukingo wote, akiona alama ya kidole inarudi. Wiki ya kwanza dole gumba langu lilirudisha sahani mbili, na ya pili samaki alikuwa ameshapoa ikabidi apikwe mwingine. Niliitwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Hilo nalo mjue, uzuri ule wa huko mbele nyuma yake kuna makelele, kuna watu wamesimama masaa kumi na nne, na palikuwa na madogo wawili wanamenya mboga kutwa nzima bure kabisa, eti wanajifunza. Sikuwahi kulipenda na bado silipendi.

Ila kwa habari ya bei nikaacha kulalamika. Tulikuwa na viti arobaini, wafanyakazi ishirini na kitu. Yaani kila wageni wawili wana mtu wao anayehangaika kwa ajili yao tu, hata kama hawamuoni. Wengi wanadhani kule wanachota hela, kumbe sivyo. elBulli ya Hispania, iliyotangazwa mara tano kuwa bora duniani, mgahawa wenyewe ulikuwa unakula hasara, uliishi kwa vitabu na mihadhara ya shefu wake Ferran Adrià mpaka ukafungwa 2011. Noma, mgahawa mwingine mkubwa kule Copenhagen, Denmark, nao mwanzoni mwa 2023 shefu mwenyewe René Redzepi alitangaza kwamba ataacha kuuendesha kama mgahawa wa kawaida, hesabu za mtindo ule hazikubali. Kwa hiyo kwenye sahani wanapata kiduchu, wanapojifidia ni kwenye waini, chupa kuuzwa mara tatu ya bei ya dukani ni jambo la kawaida tu. Ukitaka bili ishuke, kata hapo kwanza, wala usione haya kuomba maji ya bomba.

Kitu ambacho mgeni hakijui ni kwamba jikoni wanasoma sahani zinazorudi. Nikiingia na sahani chafu shefu anageuka anaangalia, kimebaki nini, kimebaki wapi. Tulikuwa na bibi mmoja, anakuja kila baada ya miezi kadhaa, peke yake, hana mapambo wala simu juu ya meza, mkate ukiletwa mwanzo anauzuia pembeni hagusi. Sosi ikija ndiyo anauvuta, anamega, anapangusa sahani yote kwa mkate mpaka inang'aa, mbele za watu, bila kuangalia kama kuna anayemuangalia. Mwanzoni nilimuonea aibu. Halafu siku moja nikaona shefu, mtu ambaye hacheki, kachungulia kwenye kile kioo cha mlango kumuangalia bibi anavyopangusa, karudi jikoni anapiga mluzi. Usiku mzima hakufokea mtu.

Nilipopata tena kazi ya kueleweka nikaenda kula, safari hii peke yangu, mchana. Mchana nyingi zina menyu fupi, jiko lile lile, mikono ile ile, bei nafuu mbali sana, na hakuna presha ya taa na mishumaa. Na kabla ya kwenda nilikula kidogo nyumbani. Mnaweza kucheka, lakini ulimi nao unachoka jamani, tonge la kwanza na la pili unashangaa, la sita unatafuna tu. Watafiti wa vyakula wameliona hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hamu ya kitu unachokila inashuka haraka huku hamu ya kitu kingine bado ipo, na ndiyo siri ya vile visahani vidogo vidogo, kinakatwa ukiwa bado unakitaka. Ila uwe umeshiba kiasi ndiyo utaiona hiyo raha, ukiwa na njaa unaona umedhulumiwa.

Siku hiyo waliniletea kitunguu. Kitunguu kimoja jamani, kimekatwa nusu, upande wa juu umeungua kidogo. Nikajisemea haya, yale yale. Nikakata kwa uma bila kisu, kikaachia tabaka moja baada ya jingine, laini kama kimekata tamaa, na ile sosi nyeusi ninayoijua mimi ikaingia katikati. Kilikuwa kitamu cha sukari halafu mwishoni kabisa ukali wa kitunguu ukaja kukumbusha kwamba ni mimi yule yule unayenililia jikoni. Nilikaa nacho kama dakika kumi. Nimekula kitunguu maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kukisikiliza. Hapo mleta mada, kama unaniuliza kama inafikia sifa zake, kwa kitunguu kile inafikia na inapita.

Lakini nisikudanganye, mgahawa wa nne nilioenda ulikuwa maigizo. Ule una jina kubwa, nilisubiri miezi miwili kupata meza. Kila sahani inakuja imefunikwa bakuli la kioo lenye moshi, mhudumu anafunua, moshi unatoka, watu wanashika simu, halafu anaanza kuhutubia, shamba hili, upepo ule, utoto wa shefu, dakika tatu nzima na mvuke nauona unaisha kwenye sahani. Tulipoanza kula vimepoa na vyote vina ladha ile ile ya moshi. Jirani yangu meza ya pili anasema amazing amazing na sahani yake kaiacha nusu. Namuelewa, bei inaongea na ulimi. Kuna jaribio la 2008 kule Marekani watu walionjeshwa waini ile ile moja, mara wanaambiwa ni ya dola 10 mara ya dola 90, ya 90 wakaiona tamu zaidi, na siyo kwamba walikuwa wanaigiza, walikuwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo na ubongo wenyewe ulionyesha raha zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia palikuwa patamu sana muulize kitu kimoja, alikula nini. Akianza kukuelezea taa na viti, umeshapata jibu.

Na nyota za Michelin msizitie maanani kupita kiasi, wala msizidharau. Ni kampuni ya matairi, kitabu chao cha kuongoza wasafiri kilianza 1900 ili wenye magari wasafiri zaidi matairi yaishe, nyota za kusifia migahawa zikaja 1926. Wenyewe wanasema wanahukumu kilichopo kwenye sahani tu, siyo mazulia, na 2016 walimpa nyota muuza kuku wa kibandani kule Singapore. Kwa hiyo kishua na nyota siyo kitu kimoja.

Sasa wewe unayetaka kumpeleka shemeji. Siku yenyewe usiibebeshe mzigo mkubwa, mimi anivesari yangu ilibebeshwa ikavunjika mgongo, nenda siku ya kawaida tu, tena mchana. Ukibuku sema mapema kama kuna asichokula, usisubiri mezani, jikoni wanakuwa wameshapanga. Usichokijua uliza, mhudumu wa maana anapenda kuulizwa, sisi tulikuwa tunachekea huko nyuma, na tuliokuwa tunawacheka ni wanaojifanya wanajua. Waini kama mtakunywa, mwonyeshe mtu wa waini kwa kidole bei kwenye orodha mwambie nataka kitu cha maeneo haya, ataelewa na mgeni wako hatasikia. Na bei mtazame kwenye tovuti yao kabla, wote wawili, mkishakubaliana imeshalipwa hiyo, mkifika pale hesabu iwe imekufa.

Mke wangu ilinichukua miaka kumshawishi arudi, alikuwa anasema hawezi kulipia tena kukaripiwa. Mwaka jana akakubali, nikampeleka pale pa kitunguu. Kakaa, kavua viatu chini ya meza, mkate kauweka pembeni kama yule bibi niliyemsimulia, sosi imekuja kapangusa sahani mpaka nikajua huko jikoni mtu anapiga mluzi. Halafu kijana akaja na kile kidude cha chuma akainama aanze kukwangua makombo, mke wangu akaweka kiganja juu yake akamwambia, "Acha kwanza mdogo wangu, hayo bado nayala."