Zamu zimekatwa baada ya bosi kujua wewe ni shoga? Usijiuzulu kwanza

Pole, ndugu. Nilivyokuelewa, uko Marekani, na tangu bosi ajue wewe ni shoga zamu zako zimepungua na sasa anakushinikiza uache kazi. Usisaini barua ya kujiuzulu. Ukiondoka mwenyewe, kesi inakuwa ngumu zaidi.

Tangu Juni 2020, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Bostock, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakulinda, ila tu kama mwajiri ana wafanyakazi 15 au zaidi. Wakipungua hapo, angalia sheria ya jimbo lako.

Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alisikia. Tunza ratiba za zamu za kabla na baada, lakini si kwenye kompyuta ya kazini, maana ukifukuzwa hutaifungua tena. Lalamika kwa maandishi. Wakikulipizia kisasi, hilo ni kosa jingine.

Wengi huangushwa na muda. Kufungua malalamiko EEOC, tume ya usawa kazini, una siku 180, au 300 kama jimbo lina chombo chake. Malalamiko ya ndani ya kampuni hayasimamishi hesabu hiyo. Ukipewa barua ya kuruhusiwa kushtaki, zimebaki siku 90, kwa hiyo wakili wa masuala ya kazi mtafute mapema.