Baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri: jaketi la pili halitakusaidia sana

Mkuu ameuliza hivi: ana miezi michache tu tangu ahamie nchi za baridi, utabiri wa wiki ijayo unaonyesha nyuzi 25 chini ya sifuri, wenyeji wenyewe wanalalamika kwamba si kawaida, na yeye ana jaketi moja nene. Anunue jingine?

Hapana. Kama hilo ulilonalo linazuia upepo na linafunika makalio, linatosha. Nimeshapita majira kadhaa ya baridi huku, na wageni ninaowaona wakitetemeka mara nyingi hawakuvaa nguo chache, ila nguo zao zimelowa. Mtu anavaa fulana ya pamba, juu sweta la pamba, halafu jaketi kubwa. Anachelewa, anakimbilia basi, jasho linamtoka. Kituoni anasimama dakika kumi, na ile pamba iliyonywa jasho inageuka kitambaa cha maji baridi mgongoni. Jaketi lake halina kosa lolote. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu nyembamba au ya poliesta, ile ya wanamichezo. Juu yake sweta, kisha jaketi. Na ukianza kupata joto fungua zipu mapema, kabla jasho halijatoka. Mwenye kutembea polepole huku anafika mkavu.

Hiyo namba ya utabiri nayo usiisome peke yake, soma na upepo. Nyuzi 18 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi inapoa kana kwamba ni nyuzi 28 chini, na sehemu iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Upepo haushushi joto la hewa yenyewe. Unachofanya ni kupeperusha ule utando mwembamba wa hewa ya joto ambao mwili umeshautengeneza juu ya ngozi. Kwa hiyo siku ya nyuzi 25 chini ya sifuri iliyotulia, yenye jua, unaweza kutembea vizuri tu, na siku ya nyuzi 12 chini ya sifuri yenye upepo ikakutoa machozi.

Utajua baridi imekuwa kali kweli pale utakapovuta pumzi ukasikia vinyweleo vya puani vinashikana. Simu nayo itazimika ghafla wakati inaonyesha chaji bado ipo. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, itarudi.

Miguu na mikono ndiyo inayotangulia kuumia. Usivae soksi jozi mbili ndani ya kiatu kinachobana, maana ukibana damu haipiti na bila damu hakuna joto. Kwa mikono, glovu zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko zenye nyumba ya kila kidole.

Hapa naomba msome taratibu. Vipeperushi vingi vya afya vinasema ngozi ikianza kuganda inakuwa nyekundu kisha nyeupe. Kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Angalia sehemu inayopauka kama imepakwa majivu, inang'aa kama nta, na ukiigusa huhisi kitu. Maumivu yakiisha ghafla kidoleni wakati bado uko nje, hiyo ni dalili mbaya, si nafuu. Ingia ndani, weka sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39. Usisugue, usipake theluji, usiisogeze kwenye moto, kwa sababu haina hisia na utaungua bila kujua. Kisha daktari. Na mtu akianza kuongea kama mlevi, anajikwaa, amechoka ajabu, joto la mwili wake huenda limeshuka chini ya nyuzi 35. Huyo piga simu ya dharura, asiachwe alale. Pombe msimpe. Inaleta damu kwenye ngozi, anahisi joto huku anazidi kulipoteza.

Sasa nyumbani, ambako wengi hampaangalii kabisa. Februari 2021 kule Texas baridi isiyo ya kawaida iliangusha umeme, mamilioni ya watu wakabaki gizani. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wengi walikufa kwa mwili kupoteza joto, lakini wapo waliouawa na kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye vitu vinavyoungua, kwa kutafuta joto kwa majiko ya mkaa, jenereta na magari. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, unasinzia tu. Kwa hiyo jiko la mkaa ndani ni marufuku, hata ukifungua dirisha kidogo. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani. Kengele ya kugundua hewa hiyo ni kifaa kidogo tu, na ndicho ningekinunua badala ya jaketi.

Mabomba: maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na presha inajikusanya kati ya barafu na koki iliyofungwa, hapo ndipo bomba linapopasuka. Usiku wa baridi kali acha koki idondoshe maji kidogo kidogo, fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto la chumba liingie, na ukisafiri usizime hita. Jirani yangu alizima ili abane matumizi. Aliporudi, dari ilikuwa sakafuni. Leo hii, kabla ya wiki ijayo, tafuta koki kuu ya maji iko wapi na ujaribu kama inafunga.

Kuhusu kuzoa theluji kwa koleo, wenye shinikizo la damu au moyo muwaachie wengine. Kazi nzito ndani ya baridi inabana mishipa na kuupeleka moyo mbio kwa wakati mmoja.

Mkuu, sema unakaa ghorofani au nyumba ya peke yake, na hita yako ni ya umeme au gesi. Umeme ukikatika, mambo ya kufanya hayafanani.