Mbuzi wa maziwa na fukuto la kaskazi

SWALI: Assalamu alaikum, Bwana Mhariri. Nafuga mbuzi Mwakirunge, hapa Mombasa. Nilinunua Toggenburg kutoka bara, naye alipofika alikuwa akitoa lita 2 za maziwa kwa siku. Tangu joto lizidi, hafikishi hata lita moja, chakula anakisusa na mchana kutwa anahema. Mbuzi wangu wa kienyeji, walio katika banda hilohilo, hawana tatizo. Je, nikimpandisha kwa beberu wa kienyeji, watoto watastahimili joto na maziwa yabaki?

JIBU: Wa alaikum salaam. Toggenburg asili yake ni milima ya Uswisi, naye amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya maziwa. Maziwa mengi yanadai chakula kingi, na chakula kinapochachuka tumboni huzalisha joto jingine, juu ya lile la jua. Hapa pwani hewa imejaa unyevu, kwa hiyo hata mbuzi akihema namna gani, mvuke hautoki mwilini kwa wepesi. Ndipo anapoacha kula, na maziwa hukauka.

Mbuzi wa kienyeji ana umbo dogo na manyoya mafupi, hivyo hupoteza joto upesi. Tofauti nyingine imo ndani ya seli, ambamo jeni fulani huamuru kutengenezwa kwa protini zinazozikinga seli hizo joto linapopanda. Ustahimilivu hauletwi na jeni moja bali na nyingi, na ndiyo sababu watoto wa tumbo moja huweza kutofautiana.

Chotara wa kwanza hupata nusu ya jeni zake kwa kila mzazi, na kwa kawaida huhimili joto kuliko mama yake, ingawa usitarajie lita zote 2. Wafugaji wengi hukosea hapo: wakishaonja maziwa ya chotara, humrudisha kwa beberu wa Toggenburg, na mjukuu mwenye robo tatu ya damu ya kizungu huanza kuhema kama bibi yake. Nakusihi uishie kwenye nusu. Beberu wa Galla, aina ya mbuzi wa maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya kama Wajir, angekufaa zaidi, kwa kuwa ana mwili mkubwa na majike wa koo lake hukamulika vizuri. Ila mtafute aliyezaliwa huku Pwani, maana joto kavu la Wajir si fukuto letu.

Kabla ya kuchagua wa kuzalisha, keti bandani saa nane mchana, utazame ubavu wa kila mbuzi na uhesabu pumzi zake kwa dakika moja. Aliyetulia mahali pa baridi huvuta 15 hadi 30. Wakati wa joto zote zitapanda, lakini anayehema kidogo kuliko wenzake huku akiendelea kula na kukamulika ndiye wa kubaki naye.

SWALI: Beberu wangu hapa Changamwe alipanda majike wanne mwezi wa Machi na hakuna aliyeshika mimba. Nimuuze?

JIBU: Subiri kwanza. Joto likizidi huharibu mbegu zinazotengenezwa, na mbegu za beberu huchukua takriban wiki 7 kukomaa, kwa hiyo madhara ya Machi huonekana hadi Mei. Mwekee kivuli cha makuti badala ya mabati matupu, umpe maji mchana kutwa, kisha umjaribu tena Juni.